Fahali Kwenye Jicho la Mama

Mwaka juzi nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji wa macho, nimeshika kiboksi kidogo cha dawa nilichotumwa kununua duka la jirani. Mama alikuwa anasubiri kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Nesi alishampima presha, alishamwambia avue hereni. Mimi, kwa ule ugonjwa wetu waandishi wa kusoma kila karatasi inayopita mbele yetu, nikafungua kikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya kiboksi. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Katikati ya habari za mizio na vipimo nikakutana na maelezo kwamba dawa ile imetengenezwa kutokana na korodani za ng'ombe.

"Kinasemaje hicho kikaratasi, mwanangu?"

"Kinasema ukitoka hapa usiendeshe gari, mama."

"Gari gani?"

Akacheka, nami nikakikunja kikaratasi haraka. Mama yangu ni mtu wa ibada na mtu wa maswali. Ningemwambia kilichoandikwa, upasuaji ungeahirishwa mpaka tupate fatwa.

Daktari, kijana mpole aliyemwamkia mama kabla hata ya kumtazama jicho, alinieleza baadaye kwamba ile dawa siyo ganzi yenyewe. Kazi yake ni kuisindikiza ganzi. Sindano ikichomwa pembeni ya jicho peke yake, dawa hubaki palepale kama dimbwi. Ikichanganywa na hiki kitu, husambaa vizuri kuzunguka jicho lote. Jina lake ni hayaluronidasi, na ni kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kukatakata au kuunganisha vitu mwilini. Hiki cha kwetu kinakata. Katikati ya seli zetu kuna ute mzito, fikiria mlenda uliopikwa ukaiva. Hayaluronidasi ikiingia kwenye mlenda huo, unageuka maji kwa muda, na chochote ulichodunga kinapita.

Sawa. Lakini nani aliwaza kukitafuta huko? Ni mtu gani aliamka asubuhi akasema, jicho la binadamu linahitaji msaada wa korodani za fahali? Nilikwenda kusoma, na nikakuta kwamba hakuna aliyewaza hivyo. Kila aliyekigusa kimeng'enya hiki alikuwa anatafuta kitu kingine.

Twende New York, miaka ya 1920 mwishoni, kwenye Taasisi ya Rockefeller. Pale alikuwepo Mkatalani mmoja, Francisco Duran-Reynals, mzaliwa wa Barcelona mwaka 1899, aliyepitia Taasisi ya Pasteur ya Paris kabla ya kuvuka bahari. Shughuli yake ilikuwa virusi, hasa virusi vile vilivyotumika kuchanja watu dhidi ya ndui. Wakati ule ilishajulikana kwamba virusi hivyo vinapenda sana korodani. Mjapani Hideyo Noguchi, wa taasisi hiyohiyo, alikuwa ameonyesha mwaka 1915 kwamba vinaweza kukuzwa ndani ya korodani za sungura na za fahali, safi bila bakteria. (Noguchi huyuhuyu ndiye aliyefia Accra mwaka 1928, kwa homa ya manjano aliyokwenda kuichunguza. Kaburi lake lipo New York, lakini Waghana wanamkumbuka mpaka leo.)

Duran-Reynals akajiuliza swali la kawaida tu: je, kuna kitu katika viungo vya mwili kinachosaidia au kuzuia virusi? Akasaga viungo mbalimbali vya wanyama, akachanganya maji yake na virusi, akawadunga sungura chini ya ngozi. Viungo vingi havikuleta la ajabu. Maji ya korodani yalileta balaa. Mahali ambapo sungura wa kawaida angepata kidonda kidogo, huyu alipata kidonda kikubwa kilichotapakaa. Matokeo ya kwanza aliyatoa mwaka 1928.

Wengi wangesimama hapo na kusema korodani inawapa virusi nguvu. Yeye, pamoja na mwenzake, akafanya jaribio ambalo mimi nalipenda kwa sababu hata mtoto wa darasa la tano angelielewa. Akaondoa virusi kabisa. Akachukua wino mweusi, akauchanganya na maji ya korodani, akadunga kwenye ngozi. Wino wenyewe ulitengeneza doa dogo. Wino uliochanganywa ulitambaa ukageuza eneo kubwa la ngozi kuwa jeusi. Wino hauna uhai, hauzaliani. Maana yake korodani haikuvilisha virusi chochote. Ilikuwa inafungua mlango kwenye ngozi. Kile kisichojulikana wakakiita, kwa urahisi tu, kitu cha kusambaza. London nako, Douglas McClean wa Taasisi ya Lister alifika mahali hapohapo bila kuambiwa na mtu.

Baada ya hapo Duran-Reynals alikikuta kitu kama hicho kwenye sumu za nyoka. Hapo mantiki inaonekana, maana nyoka anataka sumu isambae. Lakini korodani? Korodani inataka kusambaza nini?

Swali hilo likaachwa likining'inia miaka kumi na zaidi.

Jibu la "ni kitu gani" lilitangulia jibu la "ni cha nini", na lilianzia kwenye macho. Mwaka 1934, Karl Meyer na msaidizi wake John Palmer, wa Chuo Kikuu cha Columbia, walichukua macho ya ng'ombe kutoka machinjioni, wakatoa ule ute unaojaza mboni kwa ndani, na humo wakapata kitu ambacho hakikuwa na jina. Wakakiita asidi ya hayaluroniki, kwa neno la Kigiriki la kioo. Ndiyo hiyohiyo ambayo leo dada zetu wanaidunga midomoni ili ijae, na wasipoipenda hurudi kliniki kudungwa hayaluronidasi iyayushe. Meyer hakuwa na habari za midomo. Aliendelea kutafuta nini kinaivunja asidi hiyo, akakuta bakteria wa nimonia wana kimeng'enya cha kuivunja.

Aliyeunganisha nyuzi hizi mbili ni mtu ambaye jina lake umeshalisikia kwenye habari nyingine kabisa. Ernst Chain, Myahudi aliyeikimbia Berlin mwaka 1933, alikuwa Oxford. Pamoja na Edward Duthie alichukua maji ya korodani yenye sifa ya kusambaza, akayaweka kwenye ute wenye asidi ya hayaluroniki. Ute ukalegea, ukawa mwepesi kama maji. Taarifa fupi ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1939, na mwaka 1940 wakaandika bila kumumunya maneno: kile kitu cha kusambaza na hayaluronidasi ni kitu kimoja. Mwezi Mei mwaka huohuo 1940, kwenye jengo hilohilo, Chain na wenzake walikuwa wanawadunga panya penisilini. Penisilini ikampa Nobeli mwaka 1945, na habari za korodani zikabaki tanbihi ya maisha yake.

Ndipo fahali akaingia kwa miguu yote minne. Korodani ya sungura ni gramu chache. Ya fahali mkubwa hufika gramu 300 na zaidi, zipo mbili, na machinjio yalikuwa hayana kazi nazo. (Kwetu kazi ipo. Jina lake la mtaani unalijua na bei ya bakuli la supu yake unaijua pia.) Ili kupata kimeng'enya, unazipoza haraka baada ya kuchinja kabla hazijaharibika, unazisaga, unaziloweka kwenye asidi hafifu, halafu unatumia chumvi kukigandisha kimeng'enya kitengane na mengine. Mwisho unapata unga mweupe. Ni kazi chafu kisha ni kazi safi.

Lakini uzisage za nani? Hapa ndipo wanasayansi walipoanza kuchora ramani ya fahali, kiungo kwa kiungo, kuona kila kimeng'enya kinakaa wapi. Ramani hiyo ina mambo. Ndama dume hana hayaluronidasi kwenye korodani. Inaanza kuonekana pale mbegu zinapoanza kutengenezwa, na maksai ndiyo hivyo tena, mfugaji ameshaondoa kiwanda chenyewe. Kumbe kimeng'enya si cha nyama ya korodani, ni cha mbegu. Kinakaa kwenye kofia ndogo iliyofunika kichwa cha kila mbegu, na kinasafiri nayo.

Tezi za shahawa, zilizo pembeni ya kibofu, zina habari tofauti kabisa. Huko Cambridge, Thaddeus Mann aligundua mwaka 1946 kwamba sukari iliyomo kwenye shahawa si glukosi kama ya damu, ni fruktosi, sukari ya matunda. Kwa fahali inatoka kwenye tezi hizo, ambako vimeng'enya vingine vinaigeuza glukosi ya damu. Tezi hizohizo zina vimeng'enya vya kukata vipande vya chembe za urithi, kwa wingi usioelezeka kirahisi. Mwanamume wa kibinadamu ana ramani yake: tezi dume yake imejaa kimeng'enya cha fosfati ambacho polisi hukitumia kutambua madoa ya shahawa kwenye nguo. Huwezi kuchukua ramani ya fahali ukamvalisha mtu. Hili naomba ulishike, maana kuna waliolisahau.

Mann, kwa njia, alifanya jaribio moja ambalo kila mfugaji wa Kimasai angeweza kumtabiria matokeo. Yeye na wenzake walichukua ndama mapacha wa kufanana, mmoja wakamlisha vizuri, mwingine wakambana chakula. Yule aliyebanwa alichelewa kuonyesha fruktosi kwenye tezi zake, na mbegu zake zikachelewa pia. Taarifa ilitoka mwaka 1957. Tofauti na mfugaji, Mann aliweza kusema njaa imegusa kiungo gani na lini.

Turudi kwenye lile swali lililokuwa linaning'inia. Mwaka 1942 McClean, yuleyule wa Lister, akiwa na I. W. Rowlands, alipata jibu lililoonekana limetoka mbinguni. Yai la mnyama likitoka tu kwenye kifuko chake huwa limezungukwa na kundi la seli zilizoshikana kwa ute, kama tui lililoganda kuzunguka punje ya mchele. Ute huo umejaa asidi ya hayaluroniki. Ukitia hayaluronidasi, seli zinaachana na yai linabaki wazi. Basi! Mbegu inabeba kimeng'enya ili ijifungulie njia.

Na jibu hilo likajibu swali la pili, la zamani zaidi. Kama mbegu moja tu ndiyo inayoingia kwenye yai, kwa nini yanatolewa mamilioni? Nadharia ikawa hivi: mamilioni ni jeshi la wabeba kimeng'enya. Wanakufa njiani wakiyeyusha ukuta ili mmoja apite. Mwanamume mwenye mbegu chache, kwa hiyo, tatizo lake si mbegu, ni uhaba wa kimeng'enya. Mwaka 1944 Rowlands akaandika kwamba ukiongeza hayaluronidasi kwenye shahawa za sungura zilizopunguzwa nguvu kwa maji, uwezo wake wa kutungisha mimba unaongezeka.

Fikiria jambo hilo lilivyopokelewa na watu waliokaa miaka minane bila mtoto. Nimekulia kwenye jamii ambayo mwanamke asiyezaa anaitwa majina, na mwanamume mwenye tatizo hilo haitwi chochote kwa sababu hakuna anayempima. Na hapa kuna daktari anasema tatizo ni la mume, na dawa yake ni unga kutoka machinjioni. Mwaka 1946, Raphael Kurzrok na wenzake wa New York waliandika juu ya nafasi ya hayaluronidasi kwenye ugumba wa binadamu, na wakajaribu kuwaongezea kimeng'enya hicho wenye ndoa waliokosa watoto. Wengine wakafuata mkumbo. Wapo waliopata mimba. Lakini kila kliniki ya ugumba ina wanaopata mimba, hata wasipotibiwa kitu.

Aliyeuvunja mkumbo huo ni Mchina, Min Chueh Chang. Alisomea Cambridge chini ya watu wa uhimilishaji wa mifugo, akaandika tasnifu ya mbegu za kondoo, na mwaka 1945 akaajiriwa Massachusetts, kwenye taasisi ndogo ya Worcester iliyoendeshwa na Gregory Pincus. Mwaka 1947 Chang alirudia jaribio la sungura kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka, akaweka na vipimo vya kulinganisha ambavyo wengine hawakuviweka. Kimeng'enya hakikuongeza kitu. Mwaka uliofuata, Colin Austin wa Australia akaeleza kwamba hakuna haja ya jeshi: mbegu moja ina kimeng'enya cha kutosha kujichimbia njia yake yenyewe, na mayai mengi yanarutubishwa wakati zile seli za pembeni bado zimeyazunguka.

Mwaka 1951 wote wawili, kila mmoja bara lake, wakagundua kwamba mbegu inayotoka kwa dume haijaiva. Inahitaji kukaa saa kadhaa ndani ya mwili wa jike ndipo iweze kuliingia yai. Kwa hiyo walipokuwa wanapima kimeng'enya, kikwazo chenyewe kilikuwa kwingine, na kilikuwa upande wa jike, ambako hakuna aliyekuwa anaangalia.

Ungedhani wangeishia hapo. Hapana. Mtu akishashindwa kufungua mlango kwa ufunguo fulani, hujaribu kuufungia kwa ufunguo huohuo. Kama kimeng'enya ni cha lazima, basi ukikizuia, mimba haitatungwa. Pincus na Chang wenyewe walikuwa wamejaribu vizuizi vya hayaluronidasi kwa sungura. Halafu mwezi Oktoba 1952, jarida la Science likatoa makala ndefu ya Bernard Sieve, daktari wa Boston. Alisema amewapa wanandoa 300, mume na mke, vidonge vya kuzuia hayaluronidasi, vilivyotengenezwa kwa kitu kinachotoka kwenye maganda ya machungwa na ndimu. Alidai vimezuia mimba, na ukiacha kuvinywa uzazi unarudi.

Fikiria ingekuwa kweli. Hakuna homoni, hakuna kumvuruga mwanamke mzunguko wake, na mume anameza naye. Magazeti yalichangamka, kama sisi wa magazeti tunavyochangamka. Nimesoma habari za afya kwenye vyumba vya habari miaka kumi sasa, na najua jinsi makala ya namna ile inavyoonekana mezani saa kumi na moja jioni: idadi ya watu ni kubwa, jarida ni kubwa, kichwa cha habari kinajiandika chenyewe. Anayeuliza "waliolinganishwa nao wako wapi?" anaonekana mchawi.

Mwaka 1953 Chang na Pincus waliandika kwenye Science hiyohiyo, na kichwa cha makala yao kilikuwa swali: je, kitu hicho kinaathiri uzazi? Walikijaribu kwa wanyama. Hakikuzuia kitu. Wengine waliorudia nao hawakuona kilichodaiwa.

Lakini wale wawili hawakuuacha uzazi wa mpango. Walikuwa tayari wameanza njia nyingine, ya projesteroni, kwa msukumo wa Margaret Sanger. Njia hiyo ilifika mwaka 1960, Marekani iliporuhusu kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba. Ndiyo kusema kidonge kilichobadilisha maisha ya mama zetu na dada zetu, mazuri yake na maudhi yake, kilifika baada ya njia ya kimeng'enya cha korodani kuzibwa. Na ndiyo maana pia mzigo wote wa kumeza ukabaki kwa mwanamke. Sisemi walipanga hivyo. Nasema ile njia ya kumeza wote wawili ilijaribiwa, na haikuwa na ukweli ndani yake.

Huku nyuma, unga wa korodani ulikuwa umepata kazi bila kelele. Mwaka 1947 Oscar Hechter, naye mtu wa Worcester, alikuwa mmoja wa walioandika juu ya kuutumia kwa watoto walioishiwa maji mwilini, ambao mishipa yao imezama haishikiki: unadunga hayaluronidasi chini ya ngozi, unapitisha maji hapo, yanaingia mwilini badala ya kufanya uvimbe. Mwaka 1949 Walter Atkinson akaeleza matumizi yake pamoja na ganzi ya macho. Hawa hawakuhitaji kujua kimeng'enya kinafanya nini ndani ya fahali. Walichukua lile doa la wino la sungura, wakaliamini lilivyo.

Kwenye ufugaji nako kilipata kibarua cha ukaguzi. Baada ya Christopher Polge na wenzake kugundua mwaka 1949 kwamba gliserini inazikinga mbegu dhidi ya baridi, kugandisha mbegu za fahali kukawa biashara ya dunia nzima, na ndiyo inayofanyika Kabete na Usa River karibu na Arusha: mirija myembamba iliyozamishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu ikiumia wakati wa kuganda au kuyeyuka, kofia yake hupasuka na kimeng'enya huvuja nje. Kwa hiyo maabara ikipima kimeng'enya kilichovuja, inapata picha ya mbegu ngapi zimeharibika. Ng'ombe wa maziwa unayemwona Tengeru, huenda baba yake alikufa zamani, na mtu alimkagua kofia.

Mwaka 1996 Uingereza ilitangaza kwamba ugonjwa wa ng'ombe wazimu huenda umewaingia binadamu, na kila dawa inayotokana na ng'ombe ikaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Miaka hiyohiyo ya 1990 mwishoni, kwa sababu za kibiashara zaidi, Marekani ilianza kuishiwa hayaluronidasi. Ndipo umuhimu wake ukaonekana. Madaktari wa macho waliendelea na upasuaji kwa ganzi peke yake, na mwaka 1999 kundi moja likaripoti wagonjwa 25 waliobaki wanaona vitu viwili viwili. Walishuku kwamba ganzi isiyosambaa hukaa mahali pamoja na kuudhuru msuli wa jicho. Niliposoma hilo nilimpigia mama simu, usiku, nikamuuliza anaona taa ngapi barazani.

"Moja. Kwani umeweka nyingine?"

Na ile hoja ya msingi, kwamba mbegu inahitaji hayaluronidasi ili ilifikie yai? Mwaka 2002 watafiti wa Kijapani walitengeneza panya ambao mbegu zao hazina PH-20, ile hayaluronidasi maarufu iliyochunguzwa miaka yote hiyo. Panya hao walizaa. Mbegu zilichelewa kidogo kupenya zile seli, lakini zilipenya. Baadaye ikaonekana panya ana nyingine ya akiba, ambayo binadamu na fahali hawana kwa namna ileile.

PH-20 hiyohiyo, ya binadamu sasa, ndiyo imechukua nafasi ya fahali kwenye dawa za kisasa. Marekani iliiruhusu mwaka 2005, na tangu 2013 inachanganywa na dawa ya saratani ya matiti ili mgonjwa adungwe chini ya ngozi kwa dakika chache badala ya kuning'iniziwa chupa kwa muda mrefu. Machinjio hayahitajiki tena. Chembe ya urithi ya korodani ya mwanamume imepandikizwa kwenye seli zinazokuzwa matangini, na seli hizo asili yake ni hamsta wa Kichina, jike, zilizotolewa kwenye ovari yake.